Mwalimu, kifafa sugu na kifaa cha kifuani: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kwa mambo yanayojirudia kwenye kliniki za kifafa. Si habari za mgonjwa mmoja.

Mwanamke wa miaka 31, mwalimu, ana kifafa tangu akiwa na miaka 14. Kinampanda kwa namna mbili. Namna ya kwanza humduwaza: anakatisha sentensi katikati, anakodoa macho, anatafunatafuna ilhali mdomoni hamna kitu, mkono unapapasa kifungo cha nguo. Baada ya dakika moja au mbili anarudiwa na fahamu, asijue somo lilifika wapi. Hilo humtokea mara tisa hivi kwa mwezi. Namna ya pili ni ile ambayo kila mtu anaijua, mwili mzima kukakamaa na kutetemeka, na kwake huja alfajiri akiwa usingizini, takriban mara moja kwa mwezi. Ameshapewa karbamazepini ikashindwa, akapewa levetirasetamu ikamfanya awe mkali na mwenye huzuni, ikaachwa. Sasa anatumia lamotrijini miligramu 200 kwa siku na klobazamu miligramu 10 usiku.

Barua ya rufaa ina swali moja tu: awekewe kifaa cha kusisimua neva ya vagasi, ile inayoshuka shingoni kuunganisha ubongo na viungo vya ndani, au asiwekewe?

Kifaa chenyewe ni kijisanduku cha betri kinachozikwa chini ya ngozi, kifuani kushoto chini ya mtulinga. Waya hutoka hapo ukapita chini ya ngozi hadi shingoni na kuishia kwenye vizingo vitatu laini vinavyozungushwa kwenye neva ya vagasi ya kushoto: viwili vinapitisha umeme, cha tatu ni nanga. Unatumika upande wa kushoto kwa sababu matawi ya neva ya kulia ndiyo yanayokwenda zaidi kwenye kitovu kinachoanzisha mapigo ya moyo. Ubongo haufunguliwi. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1997 kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi, na mwaka 2017 ikateremsha umri hadi miaka minne.

Tatizo la barua ile ni kwamba swali lake ni la nne, na matatu yanayolitangulia hayajajibiwa. Je, matukio yote haya ni kifafa? Je, dawa zimeshindwa kweli, au hazikupewa nafasi? Je, kuna sehemu ya ubongo inayoweza kukatwa mgonjwa akapona kabisa? Anayerukia swali la nne huenda akamzika mgonjwa betri kifuani kwa tatizo ambalo lingetibiwa kwa kubadilisha kidonge.

Dawa zilishindwa, au hazikujaribiwa?

Tangu mwaka 2010 shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ILAE, linakiita kifafa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, zikavumilika na kutumiwa kwa dozi ya kutosha, zinaposhindwa kukituliza. Neno la kushikilia hapo ni dozi ya kutosha. Faili la mwalimu huyu linaonyesha karbamazepini haikuzidi miligramu 200 mara mbili kwa siku, kiwango ambacho watu wazima wengi huanzia tu. Hiyo haihesabiki kama dawa iliyoshindwa. Levetirasetamu nayo iliachwa kwa sababu ya tabia, si kwa kushindwa kazi. Kwa hesabu kali, katika hizo mbili hakuna hata moja iliyoshindwa kwa haki.

Kuna jambo jingine lililofichwa na ratiba ya uzazi wa mpango. Miezi minane kabla ya rufaa alianza vidonge vyenye estrojeni, na degedege za alfajiri, ambazo awali zilikuja kila baada ya miezi miwili au mitatu, zikaanza kuja kila mwezi. Estrojeni huharakisha ini kuondoa lamotrijini, na kiwango chake katika damu kinaweza kushuka kwa takriban nusu. Kwa hiyo miligramu 200 alizokuwa akimeza zilifanya kazi ya mia moja hivi. Hakuna aliyemuuliza kuhusu vidonge hivyo, na yeye hakuvitaja kwa sababu havikuwa dawa za kifafa. Alihamia kitanzi cha shaba. Tahadhari ipo hapa pia: estrojeni ikiondoka lamotrijini hupanda ndani ya wiki moja au mbili, na mgonjwa anaweza kuanza kuona vitu viwiliviwili na kuyumba. Damu ilipimwa kabla na baada, kisha dozi ikapandishwa polepole hadi 300.

Kwa nini basi wasiendelee kujaribu dawa ya tano, ya sita, ya saba? Kwa sababu ya takwimu za watafiti Kwan na Brodie za mwaka 2000, ambazo hazijaacha kuwasumbua madaktari: kati ya wagonjwa ambao hawajawahi kutibiwa, 47% walitulia kwa dawa ya kwanza, 13% kwa ya pili, na baada ya hapo waliobahatika walikuwa wachache mno. Dawa mpya inaweza kupunguza. Matumaini ya kukomesha kabisa ndiyo yanayonyauka. Ndiyo maana dawa ya pili ikishashindwa kwa haki, rufaa ya kituo cha kifafa haifai kungoja dawa ya tano.

Lipo na suala la kukoroma. Mumewe alisema anakoroma na mara nyingine pumzi inakatika. Kipimo cha usingizi kilionyesha inakatika mara tisa kwa saa, hali ambayo ni ndogo lakini ipo. Usingizi uliokatikakatika huchochea kifafa. Klobazamu hulegeza koo na kuongeza tatizo. Na kifaa cha vagasi chenyewe kinaweza kuzidisha kukatika kwa pumzi kila kinapofyatua umeme usiku. Huyu asingepimwa kabla, tatizo lingekuja kuonekana baadaye na kusingiziwa kitu kingine.

Baada ya miezi mitatu ya marekebisho hayo, kuduwaa kulishuka hadi mara saba kwa mwezi na degedege zikawa mbili katika miezi yote mitatu. Ni nafuu, lakini kifafa bado hakijatulia. Sasa ndipo hesabu ya kuanzia ikaandikwa, na hiyo ndiyo itakayolinganishwa na kila kitakachofuata. Bila hesabu hiyo, kifaa hupewa sifa ambazo si zake, kwani wagonjwa hupelekwa kuwekewa wakiwa katika kipindi kibaya kuliko vyote, na kipindi kibaya hupita chenyewe.

Siku tano za kamera

Alilazwa siku tano kwenye wodi ya kurekodi video pamoja na EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, dawa zikipunguzwa kwa uangalizi. Kifafa kilipanda mara tano. Mara zote tano EEG ilibadilika, kwa hiyo swali la kwanza likafungwa: ni kifafa, si yale matukio yanayotokana na msongo wa nafsi ambayo kwa macho hufanana nacho sana na ambayo umeme wa kifuani hautayatibu. Alibonyeza kitufe mara mbili tu. Matatu mengine hakuyajua. Hili ni la kawaida, maana katika wodi za namna hii wagonjwa hukosa kuripoti zaidi ya nusu ya yanayowapata, hasa ya usingizini. Daftari la mgonjwa linafaa kulinganisha mwezi na mwezi. Halifai kudhaniwa ni hesabu kamili.

Mchoro wa moyo uliokwenda sambamba na EEG ulitoa kitu ambacho wengi husahau kukisoma. Katika matukio manne kati ya matano mapigo yalipanda ghafla, kwa mfano kutoka 72 hadi 118 kwa dakika. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya 60%. Tutaona hapo chini kwa nini tarakimu hiyo ina thamani.

MRI ya zamani, yaani picha ya ubongo kwa sumaku, iliandikwa kuwa haina kasoro. Ilipigwa kwa vipande vinene. Iliyorudiwa kwa utaratibu wa kifafa, vipande vyembamba vilivyoelekezwa kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu), ilionyesha hipokampasi ya kushoto imesinyaa kidogo. Hapo kila mtu alianza kufikiria upasuaji wa kukata, na ilikuwa haki. Katika jaribio la Wiebe na wenzake lililochapishwa mwaka 2001, 58% ya waliopangiwa upasuaji wa sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya panja walikuwa huru na kifafa kinachopoteza fahamu baada ya mwaka mmoja. Walioendelea na dawa peke yake walikuwa 8%. Kifaa chochote cha umeme hakikaribii hapo. Mgonjwa anayefaa kukatwa akapewa kifaa badala yake amepunjwa.

Lakini EEG ilisema vingine. Matukio matatu yalianzia kushoto, mawili yakaanzia kulia, kila upande kivyake. Ukikata kushoto, kulia kunaendelea. Kukata pande zote mbili hakufanywi: tangu mgonjwa wa kifafa Henry Molaison alipoondolewa hipokampasi zote mbili mwaka 1953 na kupoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya, mlango huo umefungwa. Huyu ni mwalimu, na kipimo cha kumbukumbu kilishaonyesha anapata shida kukumbuka orodha ya maneno. Swali la tatu likajibiwa: hapana.

Sasa ndiyo swali la kifaa

Vilibaki vifaa vitatu. Kinachozikwa ndani ya fuvu na kusoma umeme wa ubongo chenyewe, kisha kuuzima tukio linapoanza, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2013 na kinaweza kushughulikia vitovu viwili vya kifafa. Kwa umbo la ugonjwa wake ndicho kilichomfaa zaidi, na ni haki aambiwe hivyo. Kikwazo ni kwamba vituo vinavyokiweka ni vichache, viko mbali naye, na kifaa hicho kinahitaji kurudiwa mara nyingi ili kisomwe na kurekebishwa. Cha pili ni elektrodi, yaani nyaya za umeme, zinazosisimua thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo. Katika utafiti wake mkubwa wa mwaka 2010, waliosisimuliwa walilalamika zaidi kuhusu huzuni na kumbukumbu kuliko wale ambao umeme wao haukuwashwa. Kwa mtu ambaye levetirasetamu ilimtia huzuni na kumbukumbu yake tayari inachechemea, hilo si dogo. Cha vagasi hakigusi ubongo, hakiingiliani na dawa wala uzazi wa mpango, na mwaka 2005 kiliidhinishwa Marekani hata kwa sonona sugu.

Ubaya wake ni kwamba nguvu zake ni za wastani. Katika jaribio lililokipatia kibali, miezi mitatu ya umeme wa juu ilipunguza kifafa kwa 28% kwa wastani, na umeme hafifu, uliowekwa kwa ajili ya kulinganisha, ukapunguza kwa 15%. Faida huongezeka taratibu, na kufikia mwaka wa pili takriban nusu ya wagonjwa wamepungukiwa na nusu ya matukio au zaidi. Wanaopona kabisa hawafiki mmoja kati ya kumi.

«Daktari, nikishawekewa, dawa naacha lini?»

«Dawa huachi, Mwalimu. Pengine baada ya mwaka tutapunguza moja.»

Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kusaini fomu, tena mbele ya mume au mzazi, kwa sababu nusu ya kukata tamaa kunakoonekana baadaye hutoka hapo.

Kwake lengo liliandikwa kwa tarakimu, na degedege za usingizini zikapewa uzito kuliko kuduwaa. Sababu ni kifo cha ghafla cha kifafa. Kwa watu wazima wenye kifafa hutokea kwa takriban mmoja kati ya 1,000 kila mwaka, na anayepata degedege za mwili mzima, hasa usiku, ndiye aliye hatarini zaidi. Kwa hiyo kifaa kikizipunguza kutoka nane kwa mwaka hadi mbili huku kuduwaa kukibaki palepale, bado kimefanya kazi. Yeye mwenyewe angependa kuduwaa darasani ndiko kupungue. Yote mawili yaliandikwa.

Halafu sauti. Athari ya kawaida kuliko zote ni sauti kukwaruza wakati umeme unapita, kwa sababu tawi la neva hiyohiyo ndilo linaloendesha nyuzi za sauti. Mpango wa kawaida ni sekunde 30 za umeme, dakika 5 za kimya, mchana na usiku. Hiyo ni takriban mara 260 kwa siku. Katika kipindi cha dakika 40 sauti yake itabadilika mara saba. Kwa mtu anayeuza vitunguu hilo linavumilika. Kwa mwalimu ni la kupimwa kabla. Alichunguzwa koo kwa kamera kuhakikisha nyuzi zote mbili zinacheza, kwani aliye na uzi wa kulia uliokufa, labda kutokana na upasuaji wa tezi, akaumizwa wa kushoto, anaweza kuzibwa njia ya hewa.

Aina ya kifaa ilichaguliwa kwa ile tarakimu ya moyo. Zipo aina zinazofyatua umeme wa ziada mapigo yakipanda ghafla, na kizingiti huwekwa kati ya 20% na 70%. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake haubadiliki, au anayetumia dawa za kutuliza mapigo, uwezo huo ni pambo. Kwake kiliwekwa 40%. Cha chini zaidi kingefyatuka kila akipanda ngazi na kumaliza betri bure.

Upasuaji, na wiki zinazofuata

Operesheni huchukua saa moja au mbili chini ya nusu kaputi, kwa chale mbili. Mezani waya hujaribiwa, na wakati huo mara chache sana, kama mara moja kwa operesheni elfu, moyo husimama kwa muda. Mtoa nusu kaputi lazima aarifiwe kabla ya kitufe kubonyezwa. Usaha huwapata wachache, asilimia tatu hadi sita hivi, lakini kifuko cha kifuani kikishaingia vijidudu mara nyingi kifaa hutolewa chote. Jeraha jekundu, la moto au linalotoa maji halingojewi hadi siku ya kliniki.

Kiliwashwa baada ya wiki mbili, kwa miliampea 0.25, na kikapandishwa 0.25 kila baada ya wiki mbili. Kila akipandishwa alikaa nusu saa nje, akinywa maji na kuongea wakati umeme unapita, kabla ya kuruhusiwa kwenda. Alipofika 1.0 alianza kukohoa kila mzunguko. Wengi hapa hurudisha miliampea chini na kubaki nazo, na kifaa kinakuwa mapambo ya kifuani kwa miaka. Njia bora ni kugusa vitasa vingine kwanza: urefu wa kila pigo la umeme ulipunguzwa kutoka maikrosekunde 500 hadi 250, na mapigo hayo ya umeme kutoka 30 kwa sekunde hadi 20. Kikohozi kikaisha, naye akaendelea kupanda hadi 1.5. Dawa hazikuguswa kwa muda wote huo, vinginevyo isingejulikana kilichosaidia ni nini.

Sumaku anayopewa mgonjwa pamoja na kifaa ndiyo inayochanganya watu. Ukiipitisha juu ya kifaa kwa sekunde moja na kuiondoa, inafyatua umeme wa ziada, kwake miliampea 1.75 kwa sekunde 60, ambao huenda ukakata tukio au kulifupisha. Ukiishikilia pale, kinyume chake hutokea: kifaa kinanyamaza hadi utakapoiondoa. Walioona mgonjwa anatetemeka hushika sumaku kifuani kwa nguvu zote wakidhani wanasaidia, kumbe wamezima. Mumewe na mwalimu mwenzake walifundishwa kwa mikono, si kwa karatasi. Upande huohuo wa kuzima una faida yake: anapotoa hotuba ndefu anaweza kuibandika sumaku kwa plasta kwa muda mfupi. Tukio likizidi dakika tano, sumaku iachwe; itumike dawa ya dharura na msaada uitwe.

Kipimo cha usingizi kilirudiwa miezi minne baada ya kuwashwa. Pumzi ilikuwa ikikatika mara 14 kwa saa badala ya tisa. Aina aliyowekewa huruhusu mpango tofauti wa usiku, kwa hiyo muda wa kimya wa usiku uliongezwa, na akaanzishiwa mashine ya kusukuma hewa.

Kila kliniki ukinzani wa waya, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, hupimwa. Ukipanda ghafla, au mgonjwa akisikia mchomo mkali shingoni, au kifafa kikirudi bila sababu, waya umekatika hadi ithibitike vinginevyo: kifaa kinazimwa, picha ya eksirei ya shingo na kifua inapigwa. MRI inawezekana, lakini kwa masharti ya aina ya kifaa, na umeme unazimwa kabla ya kuingia na kuwashwa ukishatoka. Hatua hiyo ya kuwasha tena ndiyo inayosahauliwa. Matibabu ya viungo yanayotumia mawimbi ya joto ndani ya mwili yamekatazwa kabisa.

Baada ya miezi 12 kuduwaa kulikuwa mara nne kwa mwezi, na degedege moja tu katika miezi sita ya mwisho. Klobazamu ilianza kupunguzwa kwa miligramu 2.5 kwa mwezi.

Kwenye faili kuna ukurasa ulioandikwa kabla ya operesheni. Unasema kwamba ikifika miezi 24 degedege hazijapungua kwa nusu, na miliampea na muda wa umeme vimejaribiwa hadi mwisho wa uvumilivu wake, kifaa kitazimwa kwa miezi mitatu huku hesabu ikiendelea. Asipozidiwa, betri ikiisha haitabadilishwa. Akizidiwa, kitawashwa tena kuanzia chini, na betri itabadilishwa kabla haijakata, si baada. Kijisanduku kinatoka kwa operesheni ndogo. Vizingo vya shingoni hushikana na neva kwa kovu, na mara nyingi huachwa vilipo.